Filamu ya Pili ya Horace Ové

Oktoba 2023 Tamasha la Filamu la London lilionyesha upya Pressure ya Horace Ové, filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji Mweusi nchini Uingereza, baada ya mkanda wake kukarabatiwa. Ové, mzaliwa wa Trinidad, alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Wahakiki waliimwagia sifa. Waliouliza sifa hizo zilikuwa wapi miaka yote hiyo wakaonekana hawana shukrani.

Wanaotetea maadhimisho haya wana hoja. Mkanda usiotunzwa huoza, na kijana wa Birmingham hawezi kujifunza kutoka kwa kazi asiyoweza kuiona.

Ila wanaolalamika hawapingi Ové kusifiwa. Wanakumbuka kwamba Pressure iligharimiwa na Taasisi ya Filamu ya Uingereza, BFI, kisha ikawekwa kabatini hadi 1978 kwa kuwa ilionyesha ukatili wa polisi. Leo BFI hiyohiyo imeikarabati. Katikati Ové alifanya kazi za televisheni. Filamu yake ndefu iliyofuata kwenye kumbi, Playing Away, ilitoka 1986. Miaka hiyo hairudishwi na ukarabati wowote.

Hata takwimu wanazozishika ni za BFI, zilizotolewa mwaka 2016 wakati wa msimu wake wa kuwaenzi waigizaji Weusi. Kati ya filamu 1,172 za Uingereza zilizotoka tangu 2006, asilimia 59 hazikuwa na mwigizaji Mweusi hata mmoja kwenye nafasi ya mhusika mwenye jina. Mwenye jina tu, si mhusika mkuu: nesi, jirani, muuza duka. Ni filamu zipatazo 690. Na nusu ya nafasi kuu walizopata waigizaji Weusi zilirundikana katika filamu 47. Msimu mzima wa shangwe, na hesabu hiyo imekaa pembeni yake.

Kinachozaa sinema kinajulikana. Kuanzia 1982, kituo cha televisheni cha Channel 4 kilipokubaliana na chama cha wafanyakazi wa filamu kuvigharimia vikundi huru, vikundi vya watengenezaji filamu Weusi kama Black Audio Film Collective, Sankofa na Ceddo vilipata mishahara na vifaa, si tuzo. Filamu ya Handsworth Songs ya 1986 ilitoka humo. Wanaolalamika wanataka fedha za namna hiyo kwa waongozaji walio hai, hasa wanaotafuta kutengeneza filamu ya pili.