Ukuta uliosukwa

Mwaka jana jirani yetu hapa Kihesa, Iringa, alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Kila jioni nilipita kuangalia kozi, yaani mistari ya matofali, zinavyopanda. Chini ya paa fundi alipanga mstari mmoja wa matofali kwa pembe, yakatokeza kama meno. Nilisimama nikautazama. Baada ya kupaua, nyumba ikapigwa lipu na kupakwa rangi ya krimu, meno yote yakafukiwa. Iliniuma.

Nilimuuliza fundi kwa nini. "Dada, bila lipu watu watasema pesa imeisha."

Siku hizo nilikuwa nasoma juu ya kaburi la Wasamani, ukoo wa watawala Waislamu, lililoko Bukhara, Uzbekistani. Ni la karne ya 10. Ni dogo: kila upande takriban meta 10, kuba juu, milango minne inayofanana, kwa hiyo halina mbele wala nyuma. Wale hawakupaka rangi, na vigae vya buluu vilivyokuja kuipamba miji ile vilikuwa bado. Walikuwa na tofali la kuchoma, basi. Mengine wameyalaza, mengine wameyasimamisha, mengine wameyazamisha ndani na mengine wameyatokeza, mpaka ukuta mzima unaonekana umesukwa. Kuna kanda za duara ndogondogo kama shanga. Jua likisogea, vivuli vinahama na ukuta unabadilika sura. Ndani, kwenye kona nne, wamepiga matao yanayogeuza mraba kuwa pembe nane ili kuba likae.

Nilipoona picha, nilikumbuka kikapu cha milulu cha bibi.

Najua hoja ya mvua. Tofali lisiloiva linakunywa maji, na huku kwetu masika hayana mchezo. Kuta za kaburi lile la Bukhara zenyewe zina unene wa karibu meta 2. Lakini tanuri zetu hutoa pia matofali yaliyoiva hadi yanalia ukiyagonga. Hayo yawekwe nje, yaonekane. Kuyafunika kwa saruji ya bei ghali ili majirani wasiseme, mimi siliafiki hata kidogo.

Mwezi huu fundi yuleyule anamjengea mama jiko la nje. Nimemwambia hakuna lipu. Jana alikiomba kile kikapu cha bibi, akakaa nacho juu ya rundo la mchanga, akihesabu kwa kidole: mbili juu, mbili chini.