Katoka Ruanda "kwa kasoro"

Vikao vya Mahakama ya Rufani vikimalizika Mbeya, hazipiti siku mbili utasikia mtaani Mwanjelwa: "Fulani katoka gereza la Ruanda. Kesi ilikuwa na kasoro." Msemaji huvuta mdomo pembeni kidogo, na kila mtu ameshaelewa: alifanya, ila karatasi zimemwokoa.

Siwabezi. Zipo kesi ambazo wana haki ya kuzikasirikia. Mwaka 2016 Sheria ya Ushahidi ilirekebishwa, mtoto mdogo akaruhusiwa kutoa ushahidi bila kiapo mradi aahidi kusema kweli. Hakimu aliposahau kuiandika ahadi hiyo, ushahidi wa mtoto ulifutwa na kesi ya ubakaji ikabaki haina miguu. Mtoto hakukosea lolote, aliyekosea ni mwenye kalamu. Baadaye, katika baadhi ya hukumu, Mahakama ya Rufani yenyewe ilikubali kwamba ushahidi wa mtoto unaoaminika usitupwe kwa sababu hiyo peke yake. Wanaolalamika mitaani waliliona hilo kabla ya majaji.

Shida ni kwamba neno "kasoro" tunalitwika hata yasiyokuwa yake.

Chukulia unyang'anyi wa kutumia silaha kijijini Rungwe, mwezi wa Juni, saa nane usiku. Ukungu umeshuka hadi mlangoni. Wanaingia watu watatu na mapanga, makoti yamefungwa hadi shingoni, kofia za sufu zimeshushwa hadi kwenye nyusi kama anavyovaa kila mtu huku msimu wa baridi. Mwanga uliopo ni tochi, na tochi iko mkononi mwa mwizi. Inammulika mwenye nyumba machoni. Asubuhi mwenye nyumba anasema amemtambua kijana wa jirani, "kwa sauti na kwa kimo". Hasemi uongo. Ameogopa, amepigwa, na kichwa chake kimetafuta sura ya kuujaza ule weusi.

Kosa hilo adhabu yake haipungui miaka 30, na mtuhumiwa hana dhamana. Linasikilizwa Mahakama ya Wilaya, ambako vijana wengi wa vijijini husimama peke yao bila wakili. Kijana anaulizwa kama ana swali kwa shahidi. Anajibu, "Mheshimiwa, mimi sikuwepo." Basi, hilo ndilo dodoso lake lote.

Mahakama ya Rufani ililiona tatizo hili zamani. Katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980 iliweka maswali ambayo kila mwanasheria nchini anayajua: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kutoka umbali gani, kwa mwanga gani, na je, alikuwa akimfahamu kabla? Mengine yameongezwa baadaye, hasa kama alimtaja mapema kwa mtu wa kwanza aliyekuja kumsaidia, au jina lilizaliwa siku ya tatu kituoni. Jaji anayeuliza ukali wa koroboi anauliza swali ambalo wewe na mimi tungeuliza tukiambiwa ndugu yetu alionekana gizani. Jibu lisipokuwepo kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu zilizoandikwa mahakamani, mfungwa anaachiwa. Mitaani tunaita kasoro. Mimi naona hapo kesi haikuthibitishwa tangu siku ya kwanza.

Tena pale dosari inapokuwa ya utaratibu kweli, mara nyingi kesi huamriwa kusikilizwa upya. Kanuni iliyotokana na shauri la Fatehali Manji, la mwaka 1966, inazuia jambo moja: kesi isirudishwe ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba matundu ya ushahidi wake.

Kuhusu wakili, Novemba 2015 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha iliona, katika shauri la Alex Thomas aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi kama huo, kwamba kutompa msaada wa kisheria kulikiuka haki yake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ikaja 2017. Novemba 2019 Tanzania ikajitoa kwenye tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda Arusha moja kwa moja.

Sasa huyu aliyetoka. Rufaa ya kwanza Mahakama Kuu, ya pili Rufani, miaka imekatika. Hakuna sheria mahsusi ya fidia kwa aliyefungwa kimakosa. Anaweza kufungua kesi ya madai kwamba alishtakiwa kwa hila, lakini athibitishe nia mbaya. Atathibitishaje, wakati jirani yake aliapa kwa moyo mweupe kabisa? Anapanda gari kwenda Tukuyu na kifurushi chake, anateremka njia panda, na nyumba ya kwanza kupita ni ya jirani huyohuyo, ambaye mpaka leo ana hakika alimwona.