Alama 4.0 Hazimwambii Mtoto Kitu

Mpwa wangu alimaliza kidato cha sita katika tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), akapata B moja na C mbili, yaani divisheni ya kwanza ya pointi 8, na nyumba nzima ikaanza kumwita wakili. Akaomba shahada ya sheria katika chuo kimoja tu. Majina ya awamu ya kwanza yalipotoka, lake halikuwamo, naye akaniuliza, "Mjomba, nimekosea wapi?"

Hakukosea. Aliusoma mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kama ulivyoandikwa. Kiwango cha chini ni kufaulu masomo mawili kwa jumla ya alama 4.0, na kwa kuwa A ni 5, B ni 4, C ni 3 na D ni 2, yeye, kwa B moja na C moja, alikuwa na 7 pale ambapo D mbili zingetosha. Mtoto gani asingejiona yuko salama? Kumbe 4.0 ni ruhusa ya kusimama kwenye foleni tu. Waombaji hushindanishwa kwa ufaulu, na nafasi zikiisha kwa wenye 9 na 10, mwenye 7 hubaki nje na sifa zake zote mkononi.

Kinachoniuma ni kwamba alama za mwanafunzi wa mwisho kupokelewa mwaka uliotangulia chuo kinazo. Kenya, KUCCPS, chombo cha serikali kinachowapangia wanafunzi vyuo, huwaonyesha waombaji alama hizo, programu kwa programu. Sisi, tangu mwaka 2017 tulipoanza tena kuomba moja kwa moja vyuoni, mzazi hulipa ada ya maombi gizani. Nitaambiwa kwamba alama hizo hupanda na kushuka kila mwaka. Sawa, za mwaka jana si ahadi. Lakini zingemwonyesha mpwa wangu kama 7 yake iko karibu au mbali, naye asingetia matumaini yake yote katika chuo kimoja.

Shuleni nako, hakuna aliyemweleza kwamba divisheni na alama za udahili ni hesabu mbili tofauti: kwenye divisheni pointi chache ndizo bora, kwenye udahili alama nyingi ndizo bora.

Sasa tunasubiri nafasi zitakazoachwa na waliochaguliwa vyuo zaidi ya kimoja watakapothibitisha wanakokwenda. Kwa awamu ya pili tumechagua vyuo vitatu, na kila kimoja nimekipigia simu kuuliza alama za mwisho za mwaka jana. Kimoja tu ndicho kilichonijibu.