Conan hajakua tangu 1996, na mashabiki hawajachoka

Lawama dhidi ya Detective Conan, katuni ya Kijapani ya upelelezi, ni zile zile kila mwaka: hadithi imevutwa mno. Shinichi Kudo, mwanafunzi wa sekondari mwenye miaka 17, alinyweshwa sumu na genge la wavaa nguo nyeusi, akarudi kuwa mtoto wa darasa la kwanza anayejiita Conan. Katuni ilianza kurushwa Januari 1996, sehemu zimepita 1,100, na bado ni mtoto. Walalamikaji wanasema wenye mali wanaikamua kazi hii, na mashabiki wanaifuata kwa mazoea tu.

Lawama hizo zina ukweli wake. Ndani ya hadithi haujatimia hata mwaka mmoja, ilhali Conan yule yule aliyekuwa akimpigia Ran, rafiki yake wa utotoni, simu za vibandani, kwa kuiga sauti yake ya zamani ya Shinichi, sasa anatembea na simu janja mbili. Genge hujitokeza kwa nadra, na katikati hupita wiki kadhaa za kesi za kujazia zisizotoka kwenye vitabu vya michoro ambavyo katuni hii imetokana navyo. Mgeni anayetaka kuanza leo hukata tamaa kabla hajabonyeza sehemu ya kwanza, na simlaumu.

Ila kesi hizo za kujazia zina sababu ambayo wengi huiruka. Hadithi kuu hutoka mkononi mwa mtu mmoja, Gosho Aoyama, mchoraji wa vitabu hivyo, aliyezaliwa 1963. Mwishoni mwa 2017 alisimama kwa miezi kadhaa kutibiwa, na hadi leo sura mpya hutoka kwa mapumziko ya mara kwa mara. Televisheni nayo haisubiri: Jumamosi jioni lazima kitu kirushwe. Anayeona hila hapo aanze kwanza kuhesabu kurasa ambazo mkono mmoja unaweza kuchora.

Halafu kuna hesabu za sinema, ambazo hoja ya mazoea haizijibu hata kidogo. Filamu ya kwanza, 1997, iliingiza takriban yeni bilioni 1.1 nchini Japani. Ya 26, Black Iron Submarine ya 2023, ndiyo ya kwanza kuvuka bilioni 10. Ya 2024 ikapita bilioni 15. Kazi iliyokamuliwa hadi kukauka hupoteza watu mwaka hadi mwaka. Hii imezidisha mapato yake zaidi ya mara kumi, na bei ya tiketi haijapanda hivyo. Watoto wa 1997 leo wana mishahara, na wengine wanakwenda na watoto wao. Mwaka 2018, Zero the Enforcer ilipomweka mbele Toru Amuro, mhudumu wa mgahawa ambaye pia ni jasusi ndani ya genge na afisa wa usalama wa taifa, mashabiki wake, wengi wao wanawake, walirudi ukumbini tena na tena wakitaka afikishe bilioni 10. Alikwama kwenye tisa na ushei. Anayefuata kwa mazoea hanunui tiketi ya nne ya filamu ile ile.

Ni kweli mauzo si ubora. Filamu za sasa zimejaa milipuko na kufukuzana, na kazi ya kupima ushahidi imepungua. Hapo nawaunga mkono wakosoaji bila kusita.

Lakini tazama sehemu ya 1,000, iliyorushwa Machi 2021. Badala ya sherehe, watengenezaji waliirudia kesi ya 1996 ya kisiwa cha Tsukikage, ambako daktari analipiza kisasi cha familia yake iliyouawa. Conan anamtambua, lakini daktari anajifungia kwenye jumba linalowaka moto na kupiga piano, akimwachia Conan, ndani ya noti za muziki anazopiga, ujumbe wa kumshukuru. Anafia humo. Kwa mkosoaji hicho ni kiporo. Kwa shabiki, ndiyo kesi iliyomjenga mpelelezi huyu: baadaye Conan atasema kwamba mpelelezi anayemshinda mhalifu kwa hoja kisha akamwacha ajiue hana tofauti na muuaji. Katuni haiikariri kauli hiyo kila wiki. Aliyekuwapo tangu mwanzo, akimwona Conan anamkimbilia mhalifu aliyeshika kisu shingoni mwake mwenyewe, anajua anamkimbilia nani.