Mwanga aliwasamehe wabaya wake, akawaua watu wake

Mwanzoni mwa 1885, miezi michache tu baada ya kurithi kiti cha Buganda, ufalme ulio leo ndani ya Uganda, Kabaka (yaani mfalme) Mwanga aliletewa habari kwamba Katikiro Mukasa, waziri mkuu aliyeachiwa na baba yake, alikuwa akila njama na wakuu wenzake ili wamwondoe. Masimulizi ya Wakatoliki yanasema waliofichua njama hiyo ni Wakristo wa jumba lake mwenyewe, na mmojawapo alikuwa Joseph Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa vijana waliomhudumia Kabaka ndani. Katikiro akaitwa, akaomba radhi, akasamehewa, akabaki na cheo chake. Tarehe 15 Novemba mwaka huohuo Balikuddembe akauawa kwa amri ya Kabaka, na Katikiro yuleyule ndiye aliyehimiza kazi ifanywe upesi kabla Kabaka hajabadili mawazo.

Ukitaka kumwelewa Mwanga, anzia hapo. Watu wengi huanzia mbali zaidi, na kila mmoja anaanzia panapomfaa. Kwa Wakristo wa Afrika Mashariki, wakiwemo wale wanaotoka Tanzania na Kenya kwenda kuhiji Namugongo, karibu na Kampala, kila tarehe 3 Juni, Mwanga ni Firauni: mfalme aliyewachoma vijana moto kwa sababu ya sala zao. Kwa wengine, hasa tangu uhuru, ni mzalendo aliyeona hatari ya mkoloni mapema kuliko wenzake, akaingia msituni kumpiga Mwingereza, akafia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903. Wa kwanza wanasoma miaka miwili ya mwanzo na kufunga kitabu. Wa pili wanarukia miwili ya mwisho.

Alitawazwa Oktoba 1884, akiwa na miaka kati ya 16 na 18. Baba yake, Muteesa wa Kwanza, alikuwa ametawala karibu miaka 28, na katika muda huo alijifunza mchezo mgumu wa kuwakaribisha wote bila kuwa wa yeyote. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walimletea nguo, bunduki na Uislamu. Akajifunza Kiarabu na Kiswahili, akafunga Ramadhani miaka kadhaa, lakini hakutahiriwa. Waprotestanti wa Uingereza walifika 1877, Wakatoliki wa Ufaransa 1879. Muteesa aliwakalisha wote barazani, akawasikiliza wakibishana, akawaacha wasijue atakwenda upande gani. Masomo yenyewe mwanzoni yalitumia sana Kiswahili, maana ndiyo lugha ambayo vitabu vilikuwapo. Vijana wa kasri walioshika vitabu hivyo, Waislamu kwa Wakristo, wakaitwa wasomaji.

Kuna jambo moja ambalo wanaomlaani Mwanga hulipita haraka. Muteesa huyohuyo, mwaka 1876, aliwaua makumi ya vijana Waislamu, wengi wao huko huko Namugongo, kwa kosa la kuweka amri ya dini juu ya amri ya Kabaka: walikataa nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu, wakamsema mfalme asiyetahiriwa. Kwa hiyo Mwanga hakuzua jambo jipya. Mahali palikuwapo, wachinjaji walikuwapo, na kosa lilikuwa lilelile. Tofauti ni kwamba waliouawa na mwana walikuwa na watu wa kuwaandikia: mapadre na wachungaji waliotuma barua Ulaya, makanisa yaliyokusanya ushahidi, na mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliyewatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu. Muteesa akabaki na sifa ya mfalme mwerevu. Simtetei Mwanga kwa kusema hivyo; damu ya 1886 haipungui kwa sababu ya damu ya 1876. Ila anayesema ukatili ulianza na tabia ya kijana mmoja anasema uongo, hata kama hakusudii.

Hofu yake nayo haikuwa ya kubuni. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters alikuwa bara ya pwani akiwatilisha sahihi mikataba wakuu wa Usagara na majirani zao. Februari 1885 Ujerumani ikatangaza ulinzi wake juu ya nchi hizo. Agosti manowari za Kijerumani zikasimama mbele ya Zanzibar mpaka Sultani Barghash akanyamaza. Habari hizi zilipanda na misafara ya pwani hadi Mengo, makao ya Kabaka, na waliozileta walikuwa na sababu zao za kuzitia chumvi, kwani mzungu alikuwa mshindani wao. Hata hivyo kiini chake kilikuwa kweli. Barazani ilikuwapo pia imani ya zamani kwamba watakaoiteka Buganda watatokea mashariki.

Ndipo mwezi Oktoba askofu Mwingereza, James Hannington, akatokea mashariki. Njia iliyozoeleka ilikuwa ile ya kusini, kupitia Unyamwezi na kuvuka Ziwa Viktoria. Yeye alikata kupitia nchi ya Wamaasai na kuingia Busoga, mlango wa nyuma ambao Buganda haikutaka mgeni yeyote aujue. Tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa huko kwa amri ya Mwanga, pamoja na karibu wapagazi wake wote wapatao hamsini. (Wapagazi hao wengi walikuwa watu wa pwani. Askofu anakumbukwa kwa jina kila mahali. Wao wamebaki kuwa idadi.)

Kama jambo la siasa, kuuawa kwa Hannington kunaelezeka. Mtawala yeyote wa wakati ule angeona msafara uliopita njia ya marufuku kuwa upelelezi. Yaliyofuata ndiyo magumu kueleza. Balikuddembe alimwambia Kabaka wazi kwamba amekosea kumuua mgeni bila hata kumsikiliza, jambo ambalo baba yake hakulifanya kwa mzungu yeyote. Siku hizohizo Mwanga aliugua macho, Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, akampa dawa, hali ikazidi kuwa mbaya, na kijana akaamini amewekewa sumu. Lakini Lourdel mwenyewe hakuguswa. Alexander Mackay, fundi wa misheni ya Kiingereza, naye aliendelea kukaa Natete, akishinda na nyundo na mashine yake ya kuchapia, mpaka alipoambiwa aondoke mwaka 1887. Wazungu waliokuwa mikononi mwa Mwanga walitoka salama. Aliyeogopwa ni mzungu, aliyekufa ni Mganda aliyekuwa akimtandikia mfalme.

Watetezi wake wana jibu hapa, na si jibu baya. Kumuua mzungu wa pili ndani ya mji mkuu kungeleta kisasi, na Mackay alitengeneza bunduki ambazo Kabaka alizihitaji. Kijana wa kasri hakuwa na manowari nyuma yake. Tena, tatizo la Mwanga halikuwa mzungu aliyekuja kwa miguu, lilikuwa utii ndani ya nyumba yake. Maisha ya kila aliyekuwa kasrini yalikuwa mali ya Kabaka. Ndivyo enzi yenyewe ilivyosimama. Msomaji aliyesema yuko Mfalme mwingine juu ya huyu alikuwa amebomoa nguzo, hata kama alisema kwa upole.

Nalikubali jibu hilo nusu. Tazama ilivyokuwa Munyonyo, alikohamia baada ya kasri la Mengo kuungua. Mchana wa tarehe 25 Mei 1886 Mwanga alirudi kutoka kuwinda viboko ziwani, hakupata kitu, na akakuta jumba halina watu, vijana wametawanyika. Akamkamata Denis Ssebuggwawo, aliyekuwa akimfundisha dini Mwafu, mtoto wa Katikiro. Akamjeruhi kwa mkuki palepale, na kijana huyo akamaliziwa na wachinjaji. Kesho yake aliwakusanya vijana wote na kuwataka wanaosali wajitenge upande mmoja. Wakajitenga. Charles Lwanga, aliyechukua nafasi ya Balikuddembe, alikuwa amewabatiza kadhaa usiku uliotangulia, akiwemo Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni wengi wao wakachomwa Namugongo. Mchinjaji mkuu, Mukajanga, alikuwa na kijana wa nyumbani kwake katika kundi lile, Mbaga Tuzinde. Wakambembeleza aikane dini, akakataa.

Wamisionari waliandika kwamba Mwanga aliwataka vijana hao kwa tendo la ndoa na wao wakamkataa, na hiyo ndiyo ikawa chanzo cha hasira. Siku hizi maelezo hayo yanavutwa huku na huku: wengine wanayashikilia kama sababu pekee, wengine wanasema yalipambwa ili kumpaka matope. Mimi sioni kwa nini yawe uongo mtupu, wala sioni yanavyoweza kubeba mambo yote. Waliouawa katika miezi ile hawakuwa watumishi wa chumbani peke yao. Walikuwamo watu wazima wenye vyeo, kama Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma, na Matia Mulumba, hakimu wa huko Mityana. Kilichowaunganisha ni kusoma. Na nyuma ya vifo vyao mara nyingi alionekana Katikiro, mzee aliyekuwa na kisasi chake dhidi ya wasomaji. Kikulacho ki nguoni mwako: Mwanga aliambiwa hivyo mwaka 1885, akamvua nguo asiyestahili.

Kama yangeishia hapo, tungesema ni mfalme mkatili mwenye washauri wabaya. Lakini mwaka uliofuata alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Aliunda vikosi vipya vya vijana wenye bunduki, akawapa ardhi na ruhusa ya kuwanyang'anya wakuu wa zamani, na juu yao akaweka wasomaji. Kimoja alimpa Apolo Kagwa, Mprotestanti aliyekuwa amepigwa vibaya katika msako wa 1886. Kingine alimpa Honorat Nyonyintono, Mkatoliki aliyehasiwa katika msako uleule. Waislamu nao wakapata vya kwao.

Hesabu yake inaonekana. Wazee wa baba yake walikuwa wamemchosha, na alitaka watu wa rika lake ambao cheo chao kimetoka kwake tu. Mfalme yeyote mpya angewaza hivyo, na Muteesa naye alipanda kwa kuwapunguza wakuu wa zamani. Isipokuwa Mwanga alidhani mtu uliyemkata mwili wake jana, ukimpa bunduki leo, ataiona bunduki na kusahau kisu.

Wakati huohuo aliwachimbisha watu ziwa chini ya kilima cha Mengo, wakuu kwa watu wa kawaida, kwa majembe na mikono, anayechelewa akitozwa faini. Nia, inasemekana, ilikuwa kupata njia ya maji ya kutorokea mpaka ziwa kubwa. Halikufika. Lipo hadi leo katikati ya Kampala, linaitwa Ziwa la Kabaka, na sijui ushahidi mwingine ulio wazi kama huo kwamba mtu aliyekalia kiti kile alijua amekalia kuti kavu.

Septemba 1888 akageuka tena. Akapanga kuwapeleka viongozi wa wasomaji, Wakristo na Waislamu pamoja, kwenye kisiwa ziwani na kuwaacha huko wafe njaa. Siri ikavuja. Makundi ambayo hayakuwahi kupatana juu ya jambo lolote yakapatana juu yake yeye, na bunduki alizowapa zikamtoa Mengo. Wakamweka kaka yake Kiweewa, na baada ya wiki chache Waislamu wakamweka ndugu mwingine, Kalema.

Ndugu hao walikuwa hai kwa sababu Mwanga hakuwaua alipotawazwa. Katika Buganda, kuwapunguza wana wa mfalme ulikuwa usalama wa kiti, na Kalema mwenyewe, alipopata zamu, aliwachoma ndugu zake bila kusita. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema Mwanga alizaliwa na kiu ya damu. Aliwaacha ndugu, akamsamehe Katikiro, akawarudishia heshima aliowatesa. Moyo wa huruma alikuwa nao. Hakujua tu wa kumwonyesha. Na ujana hautoshi kuwa kisingizio, maana 1888 alikuwa amekaa kitini miaka minne na kosa lilikuwa lilelile.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Alikimbilia kusini mwa ziwa, akapokewa na mapadre wa Bukumbi, watu ambao aliwachomea wanafunzi wao, nao wakampa chakula na malazi. Wakristo haohao wakapigana kumrudisha mwaka 1889. Akasaini mkataba na Peters 1890, akasaini na Kapteni Lugard, Mwingereza, mwisho wa mwaka huohuo, akawa Mkatoliki vita vya Mengo vya 1892 vilipopiganwa, akahamia kwa Waprotestanti walioshinda. Mwaka 1894 nchi ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza. Kila alichokiogopa akiwa kijana kilitimia ndani ya miaka tisa, na hilo watetezi wake wana haki ya kulisema kwa sauti.

Julai 1897 akatoroka Mengo na kuinua vita Buddu, jimbo la kusini mwa Buganda. Wapinzani wake husema alikasirishwa na faini ya biashara ya pembe za ndovu na kupunguziwa starehe; wengine husema alipigania nchi. Sioni sababu ya kuchagua. Mtu anaweza kudai mamlaka yake na ya nchi kwa pumzi moja, hasa ikiwa ni mfalme. Hapo angalau adui aliyemlenga ndiye adui. Aliposhindwa hakukubali yaishe, akaungana na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, mtu ambaye Buganda ilikuwa imempiga miaka yote hiyo, mpaka wote wawili wakakamatwa katika nchi ya Lango mwezi Aprili 1899.

Lakini bunduki zilizomfukuza Buddu hazikuwa za Waingereza peke yao. Agosti 1897 mwanawe, Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, alitangazwa Kabaka, na nchi ikawekwa mikononi mwa walezi watatu. Mkubwa wao alikuwa Katikiro wa wakati huo, Apolo Kagwa, aliyepigwa na Mwanga 1886 na kupewa kikosi na Mwanga 1887.