Odysseus hakukaa baharini miaka 10

Mwandishi mmoja anasema Odysseus, shujaa wa utenzi wa Kigiriki wa Homer uitwao Odyssey, alipigana na mawimbi miaka 10 baada ya vita vya Troy ndipo akafika kwao, kisiwa cha Ithaca. Safari ya kurudi ilichukua miaka 10 kweli, lakini muda mwingi alikuwa nchi kavu! Miaka 7 kisiwani kwa Calypso, mungu wa kike aliyemzuia, mwaka mzima kwa Circe, mungu wa kike mchawi, akila nyama na divai, mpaka mabaharia wake ndio wakamkumbusha nyumbani. Ubaharia wake unaonekana anapoondoka kwa Calypso: anaangusha miti 20, anaunda chombo kwa siku 4, kisha siku 17 yuko kwenye usukani bila kulala, nyota za Dubu Mkubwa zikiwa mkono wa kushoto, yaani anaelekea mashariki. Ila ni huyohuyo ambaye awali, kabla ya kufika kwa Calypso, alisinzia huku mioto ya watu wa Ithaca ikionekana. Wenzake wakafungua mfuko wa upepo aliopewa na Aeolus, mtunza upepo, wakidhani umejaa dhahabu na fedha, tufani ikawarudisha walikotoka. Lawama nampa yeye. Siku 9 hakumwachia mtu kamba ya tanga, na mabaharia wake hawakujua mfukoni mna nini. Au nyie wenzangu mnawalaumu mabaharia?