Pointi za leseni na sindano ya artesuneti

Muuguzi aliyehitimu Uganda mwaka 2000 alifundishwa kutibu malaria kali kwa dripu ya kwinini. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza sindano ya artesuneti kwa watoto pia, miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito. Mwaka 2015 mtoto wa chini ya kilo 20 akaongezewa hadi miligramu 3 kwa kila kilo. Anayetegemea daftari la chuo, au hata la semina ya 2012, anampa mtoto dawa ya zamani au anampunja dozi bila kujua. Ndiyo maana siwalaumu Baraza la Wauguzi na Wakunga wanapodai ushahidi wa masomo endelevu, yaani pointi za mafunzo, kabla ya kuhuisha leseni.

Lakini malalamiko ya wauguzi si uvivu. Chukua kituo cha afya cha ngazi ya tatu milimani Kasese, ambako usiku yupo sista mmoja tu: mkunga ni yeye, mgawa dawa ni yeye, funguo za kabati zimo mfukoni mwake. Semina iko mjini. Akipanda boda aende, mama mwenye uchungu atapokelewa na nani? Masomo ya mtandaoni nayo yanakula bando alilonunua mwenyewe. Na semina yenye posho, aghalabu anakwenda mkuu wa kituo. Makabrasha anayorudi nayo huishia kabatini.

Wapo wanaosema basi sharti lifutwe. Hapo tunaachana. Juni 2019 Ebola ilipovuka kutoka Kongo hadi Kasese, wahudumu wa mpakani walikuwa wameshafundishwa na kuchanjwa, na ugonjwa haukusambaa Uganda. Ebola ya Gulu mwaka 2000, kabla ya maandalizi hayo, iliua wauguzi.

Kinachonikera ni kuhesabu saa za kukaa kwenye kiti. Robo saa ya makabidhiano ya zamu, kichupa cha artesuneti mkononi, unga unayeyushwa kwa bikaboneti kisha unaongezwa maji ya chumvi: hilo nalo ni darasa, na lipewe pointi. Mtu atasema mkuu wa kituo atasaini uongo. Kweli, ila hata semina watu husainiana mahudhurio. Msimamizi wa wilaya akifika, daftari liwe baadaye. Amtajie sista mtoto wa kilo 14, kisha atazame anavuta mililita ngapi.